Ombeni Makalavati Kabla ya Lami: Mwongozo Kamili wa Kuiingiza Barabara ya Kijiji Kwenye Bajeti, Mtwara na Lindi

Mvua zinapochanganya, kati ya Januari na Machi, barua nyingi huandikwa vijijini kwetu. Nyingi zinafanana: "Tunaiomba Serikali itutengenezee barabara yetu kwa kiwango cha lami." Barua hugongwa muhuri wa kupokelewa wilayani, kisha kimya. Mwaka unaofuata inaandikwa nyingine kwa maneno yaleyale, na lori la korosho linakwama palepale.

Nimesoma barua za namna hii kutoka Newala, Nanyumbu, Nachingwea na Liwale. Shida zake ni zilezile tatu. Zimepelekwa wakati bajeti imeshafungwa. Zimeomba kitu ambacho fungu la matengenezo halikitoi. Na hazisemi ni sehemu gani hasa ya barabara inayosumbua, kwa hiyo mhandisi hana cha kupigia hesabu. Hakuna aliyewafundisha wanakijiji haya, na gharama ya kutoyajua ni kubwa mno kuachwa hivyo.

Mwongozo huu unafuata kalenda ya mwaka mzima. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na kila hatua hapa imepangwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu la kurasa nyingi, moja tu, la shughuli hii. Lisichanganywe na michango ya misiba wala mikutano mingine.
- Simu yenye kamera na ramani inayoonyesha mahali ulipo.
- Kamba ya mita 50 iliyopimwa vizuri, au pikipiki ambayo mita yake ya kilometa inafanya kazi.
- Rangi na brashi, au vigingi vya mti mgumu.
- Kamati ya watu watano hadi saba wa kufuatilia, wakiwemo dereva au bodaboda mmoja, mama mmoja anayeitumia barabara kwenda zahanati au gulioni, na mtu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima.
- Nauli ya kwenda wilayani na fedha ya kutoa nakala. Changeni mapema na mwandike nani ametoa kiasi gani.

Lami haimo kwenye orodha, wala mbunge. Mbunge atakuja baadaye, mkiwa na kitu mkononi cha kumpa.

## Hatua ya 1: Jueni barabara ni ya nani

Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017. Mingoyo–Masasi ni ya TANROADS, na Nangurukuru–Liwale pia. Ile inayotoka kijijini kwenu kwenda ghala la AMCOS au zahanati ya kata, mara nyingi ni ya TARURA.

Tangu 2017 fedha za barabara za vijijini hazipiti tena kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Hapa wengi hupotea. Wanamwandikia Mkurugenzi peke yake, naye hana fungu hilo. Barua ya maombi iende kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya, na Mkurugenzi apewe nakala.

Nendeni ofisini kwa Meneja muulize maswali mawili: barabara yetu imo kwenye mfumo wa DROMAS? Na imeandikwa kwa jina gani? DROMAS ni rejista ya barabara za wilaya, na mtandao wote wa TARURA nchini unazidi kilometa 144,000. Barabara isiyomo humo haipangiwi fedha, hata ikiwa inapitwa kila siku na maelfu ya watu. Jina nalo ni muhimu. Nyinyi mnaweza kuiita "ya kwa Mzee fulani" kumbe rejista inaitambua kwa majina ya vijiji viwili vya mwisho. Tumieni jina la rejista.

Kama haimo, ombi lenu la kwanza ni kuiingiza, na njia yake ni hiyohiyo ya mkutano wa kijiji, kata, kisha wilaya. Msichanganye ombi la kuingiza barabara na ombi la kuitengeneza kwenye barua moja.

Hatua imekamilika mkirudi nyumbani na vitu vitatu daftarini: jina rasmi, daraja la barabara (ya mkusanyo, ya mlisho au ya jamii) na urefu wake kwa kilometa.

## Hatua ya 2: Pigeni picha mvua ikinyesha (Januari hadi Aprili)

Mvua yetu ya kusini ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mhandisi akija Agosti atakuta vumbi na atapita na gari lake bila shida yoyote. Kwa hiyo ushahidi ukusanywe barabara ikiwa mbaya.

Kila sehemu inayosumbua ipigwe picha mbili: moja kwa mbali ionyeshe mazingira, nyingine kwa karibu ikiwa na mtu au jembe pembeni ili kina cha maji kionekane. Fungueni ramani ya simu na kuandika namba za mahali hapo daftarini, siku hiyohiyo.

Tahadhari moja ya kiufundi: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza kumbukumbu ya tarehe na mahali ilipopigwa. Itumeni kama faili, na picha halisi zibaki kwenye simu au kadi ya kumbukumbu. Na mtu asiingie kwenye maji yanayokwenda kwa kasi kwa ajili ya picha. Pigeni kutoka ukingoni.

## Hatua ya 3: Pimeni sehemu korofi (Mei hadi Julai)

Hii ndiyo hatua inayotofautisha barua inayosomwa na barua inayowekwa jaladani, kwa hiyo msiiharakishe.

Mhandisi hafikirii barabara kama "mbovu" au "nzuri". Anaiona kama mstari unaoanzia sifuri. Mwanzo wa barabara, mara nyingi ni pale inapoachana na barabara kubwa, huandikwa 0+000. Ukitembea kilometa mbili na mita mia tatu, uko 2+300. Mkiandika hivyo, mmezungumza lugha yake, na anaweza kuipeleka kwenye mchanganuo wa gharama bila kuja kuuliza.

Anzeni kwenye mwanzo huohuo unaotambuliwa na rejista. Pimeni kwa kamba, mita 50 kila mara, na kila kilometa moja wekeni kigingi au alama ya rangi kwenye jiwe. Mkitumia pikipiki, nendeni na kurudi, kisha mlinganishe vipimo viwili. Kushoto na kulia kuhesabiwe mkiwa mmeelekea mwisho wa barabara.

Kisha kila sehemu korofi iandikwe kwa mstari mmoja, kama mifano hii:

- 2+300: maji yanavuka kutoka kushoto, hakuna kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara), urefu wa eneo mita 40, Fuso haipiti Januari hadi Aprili, picha 4 na 5.
- 4+750: kalavati lipo, limeziba mchanga, mdomo wa kutokea umeliwa na maji, picha 9.
- 6+100 hadi 6+600: mteremko wa udongo mwekundu, mtaro wa kulia umekuwa korongo la kina cha kiuno, picha 12 hadi 15.

Angalieni pia udongo, kwa sababu unabadili dawa. Pwani ya Mtwara na Lindi, na sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde kule Tandahimba na Newala, kuna mchanga ambao kiangazi bodaboda anazama na masika unasombwa. Kwenye miteremko ya uwanda huo maji hushuka kwa kasi na kuchimba makorongo. Kwenye mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi shida ni nyingine kabisa: maji hayaendi popote, na gari linakaa mpaka jua litoke.

Waulizeni wazee maji yalikuwa yakipita wapi kabla barabara haijachongwa. Maji hurudi kwenye njia yake ya zamani. Kalavati likiwekwa mita 30 pembeni ya njia hiyo, halisaidii.

Mkishamaliza, barabara ya kilometa kumi mara nyingi itakuwa na sehemu sita au saba tu zinazoikata. Zilizobaki zinapitika. Watu wengi hushangaa hapa, maana kwa miaka walikuwa wakisema barabara yote imekufa.

## Hatua ya 4: Andaeni hesabu za matumizi ya barabara

Fedha hazitoshi, na Meneja lazima achague. Mpeni sababu ya kuchagua barabara yenu, na sababu hiyo iwe kwa namba.

Anzeni na mazao. Ombeni barua ya AMCOS inayoonyesha tani za korosho zilizopita ghalani kwa misimu mitatu. Lindi, ongezeni ufuta na mbaazi. Kisha tafuteni gharama ya ziada barabara inapoharibika: lori likigoma, gunia linatolewa kwa bodaboda hadi barabara kubwa kwa shilingi ngapi?

Tuseme AMCOS yenu inakusanya tani 400. Hizo ni magunia 5,000 ya kilo 80. Kama kila gunia linaongezewa Sh 3,000 za kulitoa, wakulima wa kata moja wanapoteza Sh milioni 15 kila msimu. Iandikeni namba hiyo peke yake kwenye mstari wake.

Hesabu ya pili ni ushuru. Halmashauri hutoza asilimia 3 kwenye mazao ya biashara. Kwa tani hizohizo 400, bei ikiwa Sh 3,000 kwa kilo, mauzo ni Sh bilioni 1.2 na ushuru ni Sh milioni 36. Fedha hizo ni za halmashauri, TARURA hawazioni. Lakini madiwani wanaweza kutenga sehemu ya mapato ya ndani kuchangia barabara zinazoyaleta, na hii ndiyo hoja ya kumpa Mheshimiwa Diwani.

Hesabu ya tatu inawagusa vijana wa bodaboda. Mfuko wa Barabara unatokana zaidi na tozo ya mafuta, na tangu Julai 2021 iliongezwa Sh 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Bodaboda 30 wakitumia lita 3 kila siku, kwa siku 300, wanachangia Sh milioni 2.7 kwa mwaka kutokana na nyongeza hiyo pekee. Hata petroli ya kwenye chupa pale kijiweni imeshalipiwa tozo. Kijiji kinachoomba matengenezo kinaomba sehemu ya kile kilichokitoa, na kina haki ya kuketi mezani kichwa juu.

Mwishoni hesabuni vyombo vinavyopita. Chagueni siku mbili, moja ya gulio na moja ya kawaida, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Andikeni waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, Kirikuu, Fuso. Zahanati iwape idadi ya wagonjwa wa rufaa, hasa wajawazito, bila majina yao.

Msizidishe namba. Mhandisi akija akakuta uongo mmoja, hataamini hata yale ya kweli.

## Hatua ya 5: Amueni mnachoomba

Hapa ndipo palipo na ushindani mkubwa na hisia nyingi, kwa sababu kila mtu anataka lami. Kutaka lami si kosa. Ila kwa sheria, sehemu kubwa ya Mfuko wa Barabara, isiyopungua asilimia 90, ni ya matengenezo. Miradi ya maendeleo inabaki na kipande kidogo. Ombi la kilometa kumi za lami linakwenda kwenye mlango ambao tayari una foleni ya nchi nzima. Ombi la makalavati mawili na mita 500 za moramu, yaani changarawe ya barabara, linaingia kwenye matengenezo ya sehemu korofi, ambayo hupangwa kila mwaka.

Mpangilio wa vipaumbele uwe huu, na sababu yake ni moja: maji ndiyo yanayoua barabara, magari humalizia tu.

Kwanza, kuzibua mitaro na makalavati yaliyopo, na kuchimba michepuko ya kutoa maji nje ya barabara. Gharama yake ni ndogo kuliko zote.

Pili, makalavati mapya au daraja mfuto (sakafu ya zege ambayo maji hupita juu yake) pale maji yanapovuka. Kwenye kijito kinachojaa kwa saa chache na kukauka, daraja mfuto hufaa kuliko kalavati dogo linaloziba magogo. Kama kuna mawe ya kutosha jirani, yatajeni kwenye barua: TARURA hujenga madaraja ya mawe, na huwa na gharama ndogo kuliko ya zege.

Tatu, kuinua tuta kwenye mbuga, ili barabara isiwe chini kuliko shamba.

Nne, moramu kwenye sehemu korofi tu, ikiambatana na kuchonga barabara iwe na mgongo. Moramu ikimwagwa kabla maji hayajapewa njia, msimu mmoja unatosha kuipeleka bondeni. Nimeona hili likirudiwa mara nyingi, na kila mara fedha ya umma imepotea mbele ya macho ya watu.

Kama kuna kilima kikali, ombeni zege kwenye kipande hicho pekee. Ni ombi la haki na lina mifano.

Amueni pia mtachangia nini. Nguvu za wananchi, mfano kufyeka kingo au kukusanya mawe, hutoa uzito kwa ombi. Kikundi kilichosajiliwa cha vijana au wanawake kinaweza hata kupewa kazi ya kufyeka na kuzibua mitaro kwa malipo, kwa sababu sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao. Kijana mwenye kujua simu akisaidie kikundi kujisajili humo mapema.

Angalizo zito: barabara ikihitaji kupanuliwa, mikorosho ya mtu itaguswa. Mkorosho ni ada ya shule na ni mboga ya mwaka mzima. Mwenye shamba ana haki ya fidia kwa mujibu wa sheria, na asilazimishwe mbele ya mkutano kusaini kwamba ametoa bure. Zungumzeni naye nyumbani kwake, kwa heshima, na lolote atakaloamua liandikwe na kushuhudiwa.

## Hatua ya 6: Mkutano Mkuu wa Kijiji (Agosti au Septemba mwanzoni)

Mkutano Mkuu unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kwenye mitaa ya Halmashauri za miji na manispaa, kama Masasi Mji au Mtwara-Mikindani, kazi hii hufanywa na mkutano wa mtaa.

Msisubiri Oktoba. Korosho zikianza kudondoka, nani ataacha kuokota aje mkutanoni? Mahudhurio yatakuwa hafifu na muhtasari utakosa nguvu.

Mwombeni Mwenyekiti na Mtendaji waweke barabara kama ajenda inayojitegemea, isiwe ndani ya "mengineyo". Kamati isome orodha ya sehemu korofi, hesabu, na ombi. Watu wajadili, wapange ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Ubishani utakuwepo, maana kila kitongoji kinataka kalavati lake. Tumieni kigezo kimoja: sehemu gani ikikatika, watu wengi zaidi wanakwama?

Mnachotakiwa kuondoka nacho ni muhtasari wenye ajenda, azimio lenye namba za 2+300 na nyinginezo, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, sahihi za Mwenyekiti na Mtendaji, na muhuri. Chukueni nakala tatu kabla haujaondoka kwenye ofisi ya kijiji.

## Hatua ya 7: Kamati ya Maendeleo ya Kata (Oktoba)

Wengi huiita WDC. Mwenyekiti wake ni Diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata. Hapa barabara yenu inashindana na za vijiji jirani.

Kama barabara inapita vijiji viwili au vitatu, kaeni na wenzenu kabla ya kikao mlete ombi moja. Vijiji vinavyoshindana kwa barabara ileile hudhoofishana, na Meneja akiona maombi matatu yenye vipimo tofauti ataahirisha yote. Dalili ya mafanikio ni azimio la kata linaloitaja barabara yenu kwa jina la rejista, katika nafasi ya kwanza au ya pili.

## Hatua ya 8: Barua kwa Meneja (kabla ya mwisho wa Novemba)

Barua iwe ukurasa mmoja. Mengine yote ni viambatisho. Mfano:

> Mwenyekiti wa Kijiji cha ........
> Kata ya ........, tarehe ........
>
> Meneja wa Wilaya,
> TARURA, S.L.P. ....., ........
>
> Kupitia: Mtendaji wa Kata ya ........
>
> YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA SEHEMU KOROFI, BARABARA YA ........ (KM ....)
>
> Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.
>
> Mkutano Mkuu wa Kijiji uliofanyika tarehe ........ uliazimia kuomba kazi zifuatazo ziingizwe kwenye mpango na bajeti ya mwaka wa fedha ........, kwa mpangilio huu wa kipaumbele:
>
> 1. Kalavati jipya, 2+300.
> 2. Kuzibua kalavati na kujenga kinga ya mawe, 4+750.
> 3. Mtaro wa mawe na moramu, 6+100 hadi 6+600.
>
> Barabara hii hupitisha tani .... za korosho kwa msimu, na hutumiwa na wagonjwa wa rufaa .... kwa mwaka. Wananchi watachangia ........
>
> Tunaomba mhandisi wako atembelee eneo pamoja na kamati yetu.
>
> Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji, Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Mbunge.

Ipelekeni kwa mkono. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mwandike jina na cheo cha aliyeipokea. Barua isiyo na muhuri huo haina kumbukumbu, na mtu yeyote anaweza kusema haikufika.

Kwa nini Novemba? Kwa sababu miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo ofisi za wilaya zinapanga na kupeleka mapendekezo yao. Barua ya Machi, hata iwe nzuri kiasi gani, inasubiri mwaka mwingine.

## Hatua ya 9: Fuatilieni kati ya Januari na Juni

Mpango utapita kwenye kamati na Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha mkoani. Mkoani kuna Bodi ya Barabara, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na wabunge ni wajumbe wake. Kuanzia Aprili bajeti ya TAMISEMI inasomwa bungeni Dodoma.

Mbunge apewe ukurasa mmoja kabla ya Bodi ya Barabara kukaa: jina la barabara, sehemu tatu za kwanza, hesabu ya gunia. Mkimpa jalada la kurasa arobaini hatalisoma kikaoni.

Kila mwezi mtu mmoja aulize ofisi ya Meneja, kwa adabu: barabara yetu imo kwenye rasimu? Kwa kiasi gani? Kwa kazi ipi? Ombeni pia orodha ya barabara zote zilizopangiwa fedha wilayani kwa miaka mitatu iliyopita. Huko ndiko haki inakopimwa. Kama kata moja imepata kila mwaka na nyingine haijapata hata mara moja, diwani wenu aulize kigezo kilichotumika, kwenye Baraza, na jibu liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Wakati mwingine sababu ipo, kwa mfano daraja kubwa lililovunjika. Ikikosekana sababu, mmepata hoja ya mwaka ujao.

Mkinyimwa orodha hiyo, andikeni ombi rasmi kwa kutaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Mara nyingi kutajwa tu kwa sheria hiyo hufungua kabati.

## Hatua ya 10: Kazi ikianza

Wengi hulegea hapa, wakidhani wameshapata. Ombeni kwa Meneja mchanganuo wa kazi: makalavati mangapi, kipenyo gani, moramu mita ngapi na unene gani. Bango la mradi liwepo.

Kisha angalieni haya:

Moramu. Unene wa kawaida ni sentimita 15 baada ya kushindiliwa, lakini linganisheni na mkataba wenu. Chimbeni kitundu kidogo pembeni mpime kwa rula, mbele ya msimamizi.

Maji ya kushindilia. Kwenye uwanda wa Makonde hakuna mito ya juu, na boza la maji ni ghali, kwa hiyo hapa ndipo mkandarasi hushawishika kuruka. Moramu iliyoshindiliwa kavu inaonekana safi siku ya makabidhiano, halafu inageuka vumbi. Mkiona greda na roli la kushindilia bila boza, mwambieni msimamizi wa TARURA siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Makalavati. Mdomo wa kutokea uwe chini kuliko wa kuingilia, kuta za mwanzo na mwisho zijengwe, na mahali maji yanapodondokea pawekwe mawe. Kalavati lisilo na mawe hapo hujichimbia kaburi lake lenyewe.

Mitaro. Iwe na mahali pa kumwaga maji. Mtaro unaoishia katikati ya shamba la mtu utaleta ugomvi na utazibwa usiku.

Msibishane na mafundi wala kusimamisha mitambo. Andikeni, pigeni picha, pelekeni kwa Meneja na nakala kwa Diwani. Mkiona dalili za rushwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

## Barabara ikikatika ghafla

Hii ni njia tofauti na haifuati kalenda. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, na mikoa yetu miwili ikatengwa na Dar es Salaam kwa njia hiyo. Barabara kuu ikikatika, nchi nzima inasikia. Ya kijiji ikikatika, msiposema nyinyi hakuna atakayejua.

Siku hiyohiyo Mtendaji ampigie Meneja wa TARURA na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya. Barua ifuate ndani ya siku mbili, ikiwa na picha, kilometa, na idadi ya vijiji vilivyotengwa. Wekeni matawi na kitambaa chekundu pande zote mbili za sehemu iliyokatika, mbali ya kutosha, na mtu wa kulinda usiku. Kifusi cha kujaza na magunia ya mchanga vinasaidia watu wavuke kwa miguu, lakini msizibe njia ya maji: yatatafuta nyingine, na mtakuwa na mikato miwili.

Ombi la dharura halifuti lile la kawaida. Novemba ikifika, sehemu hiyohiyo iwemo kwenye orodha yenu.

## Baada ya makabidhiano

Mkataba huwa na kipindi cha uangalizi, ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Mwulizeni Meneja kinaisha lini, muandike tarehe hiyo kwenye jalada la daftari.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kamati itembee barabara nzima ikiwa na orodha ileile ya kilometa. Palipobomoka papigwe picha na barua ipelekwe kabla ya tarehe hiyo. Mitaro izibuliwe mara mbili kwa mwaka, Oktoba kabla ya mvua na Mei baada yake, na wenye nyumba kando ya barabara waweke bomba chini ya njia za kuingilia kwao badala ya kufukia mtaro kwa kifusi. Daftari likabidhiwe kwa kamati mpya pamoja na nakala zote zenye mihuri, mbele ya Mtendaji.